Vijana wa jirani: kisa cha Saint Peter's, kabla na baada ya Machi 2022

Machi 17, 2022, mjini Indianapolis, timu ya mpira wa kikapu ya Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, Marekani, iliifunga ya Chuo Kikuu cha Kentucky pointi 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza, kwenye mashindano ya taifa ya vyuo. Kentucky ilikuwa imepangwa namba 2 katika kanda yake ya timu 16, Saint Peter's namba 15. Wiki nzima watu walizungumzia fedha: kwa hesabu zilizotajwa hadharani wakati ule, Kentucky ilikuwa ikitumia zaidi ya dola milioni 18 kwa mwaka kuendesha kikapu cha wanaume, na Saint Peter's karibu dola milioni 1.6. Mshahara wa kocha John Calipari peke yake, uliozidi dola milioni 8, ungeiendesha timu nzima ya wapinzani wake kwa miaka mitano.

Hesabu hizo zinafurahisha kusimulia, lakini hazielezi kwa nini Saint Peter's ilishinda. Vyuo vyenye bajeti ndogo vimejaa Marekani, na karibu vyote vikifika kwenye mashindano hayo ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, vinatolewa raundi ya kwanza bila mtu kukumbuka majina ya wachezaji wao. Hiki kilifika nane bora, jambo ambalo hakuna timu namba 15 iliyokuwa imelifanya. Florida Gulf Coast mwaka 2013 na Oral Roberts mwaka 2021 ziliishia 16 bora.

Ninachotaka kuchambua hapa ni usajili. Kikosi kile kilijengwa zaidi kwa vijana wa New Jersey na New York ambao vyuo vikubwa vya hapohapo havikuwataka. Majuma machache baada ya mechi ya mwisho, kikosi kilikuwa kimesambaratika. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye nusu ya kwanza, halafu wanamwambia kocha wa chuo kidogo: sajili vijana wa nyumbani, utafanikiwa. Nusu ya pili inasema kitu tofauti, na ndiyo yenye manufaa zaidi kwa anayefanya kazi hiyo leo.

Mji wenye vipaji, chuo kisichovipata

Saint Peter's ni chuo cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1872 katika Jersey City, upande wa pili wa mto Hudson ukitazama kutoka Manhattan. Wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawafiki 3,000. Kiko kando ya Kennedy Boulevard, karibu na kituo cha treni ya PATH cha Journal Square. Kijana wa Newark anapanda treni hiyo mwanzo wa njia, inapita Harrison, na kituo kinachofuata anashuka. Kijana wa Manhattan anapita chini ya mto na kufika bila kubadili usafiri zaidi ya mara moja. Maelezo haya ya njia nayaweka kwa makusudi, kwa sababu mbele yatakuwa na kazi.

Ukitafuta eneo la Marekani ambako mpira wa kikapu wa shule za sekondari una historia nzito, Jersey City haikosi kutajwa. Shule ya Kikatoliki ya St. Anthony ilikuwa hapo. Haikuwa hata na ukumbi wake wa kuchezea, lakini chini ya Bob Hurley ilichukua ubingwa wa jimbo mara 28, na mwaka 2010 kocha huyo akaingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu la Naismith. Shule ilifungwa mwaka 2017 kwa kukosa fedha.

Sasa angalia vijana wa St. Anthony walikokwenda. Bobby Hurley, mtoto wa kocha, alikwenda Duke na kushinda ubingwa wa taifa mara mbili, 1991 na 1992. Mdogo wake Dan alikwenda Seton Hall. Kyle Anderson alivuka bara zima hadi UCLA. Saint Peter's ilikuwa palepale, mitaa michache kutoka kwao, na haikuwa na la kufanya.

Hapa ndipo makocha wengi wa vyuo vidogo wanapojidanganya. Wanadhani kuwa jirani kunawapa haki fulani juu ya kijana bora wa mtaa. Hakuna haki kama hiyo. Kijana ambaye Duke inamtaka ataenda Duke, hata kama chumba chake cha kulala kinatazamana na geti la chuo chako. Mara nyingine ujirani ndio unaokuponza: ameishi hapo miaka 18, ameshachoka kuona duka lilelile kila asubuhi, na anataka kuanza maisha mahali ambapo hakuna anayemjua.

Ujirani unamsaidia kocha kwa yule wa safu ya pili. Huyo ni kijana mwenye kasoro moja inayoonekana: mfupi kwa sentimita tano, mwembamba, mzito wa miguu, au alianza kucheza kwa nguvu mwaka wa mwisho wakati vyuo vikubwa vimeshajaza nafasi. Vijana wa namna hii wako kila jimbo. Shida ni kujua yupi kati yao atakuwa mchezaji na yupi atabaki alivyo. Kwa hilo, aliye karibu anaona vitu ambavyo aliye mbali hawezi kuviona.

Kinachoonekana ukiwa karibu

Msimu wa usajili wa majira ya joto makocha wa vyuo vikubwa huenda kwenye mashindano ya timu za klabu, ambako ndani ya ukumbi mmoja unaona mamia ya wachezaji kwa siku mbili tatu. Ni njia nzuri ya kumwona kijana mwenye kipaji cha wazi. Kwa yule wa safu ya pili ni njia mbaya sana. Pale anacheza na wenzake ambao wote wanatafuta ufadhili, kila mmoja anataka kupiga yeye, na yule anayejua kukinga na kupasi anaonekana kama hayupo.

Kocha msaidizi wa chuo cha jirani anaweza kwenda kumwona kijana huyohuyo kwenye mazoezi ya shule, jioni ya Januari, jukwaani hakuna mtu. Anaona kijana akitolewa nje baada ya kupoteza mpira. Anakaa kiti gani, karibu na kocha au mwisho wa benchi? Anaongea na aliyeingia badala yake? Akirudishwa uwanjani, anakimbilia kumkaba mtu wake au anasubiri apewe mpira ili arudishe heshima? Hayo huyakuti kwenye video za mitandaoni, ambako kijana mwenyewe ndiye aliyechagua cha kukuonyesha.

Kuna na hesabu ya siku. Kanuni za NCAA kwa Divisheni I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, zinaweka kikomo cha siku ambazo makocha wanaruhusiwa kutoka chuoni kusaka wachezaji, na kila kocha aliyetoka anahesabiwa siku yake. Ukisafiri kwenda Texas kumwona kijana mmoja, umetumia siku, tiketi ya ndege na hoteli. Ukitoka Journal Square mchana, unaweza kuona mazoezi ya shule moja Newark na mechi ya shule nyingine Elizabeth, na usiku ukalala kwako. Siku ni moja, umeona wengi. Kwa benchi la ufundi lenye watu wachache na mfuko mwembamba, tofauti hiyo ikijumlishwa msimu mzima ni kubwa.

Na upande wa kijana mambo ni hayohayo. Ziara rasmi hulipiwa na chuo. Ziara isiyo rasmi anajilipia mwenyewe, na kwa kijana wa Newark gharama yake ni nauli ya treni. Anaweza kuja leo na mama yake, mwezi ujao na kocha wake wa sekondari, halafu aje peke yake kutazama mechi ya Jumamosi kwa tiketi aliyopewa na chuo, kama kanuni zinavyoruhusu. Siku ya kusaini anajua harufu ya vyumba vya kubadilishia nguo. Yule wa Texas amekiona chuo kwa saa 48 zilizopangwa vizuri, na kuna mambo atayagundua Novemba.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni simu ya kocha wa sekondari. Kocha huyo ana wachezaji kila mwaka. Akikudanganya kuhusu mmoja ukaja kugundua, hutampokea mwingine kutoka kwake, na yeye anajua hilo. Wewe nawe ukimtesa kijana wake au ukamwacha akae benchi miaka mitatu bila maelezo, habari itafika kwenye kila ukumbi wa kaunti kabla ya wiki kwisha. Ujirani unawalazimisha wote wawili kusema ukweli. Kwa kocha wa Kentucky anayepiga simu mara moja kwa miaka kumi, hakuna kinachomzuia mtu kumpamba kijana.

Holloway na msimu wa 10 kwa 22

Aprili 2018 Saint Peter's ilimchukua Shaheen Holloway. Kwa suala letu wasifu wake una uzito. Ni mtoto wa Queens, New York. Alisoma sekondari St. Patrick ya Elizabeth, New Jersey, na mwaka 1996 alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa sekondari ya McDonald's, mechi ambayo Kobe Bryant naye alicheza. Angeweza kwenda mbali. Akachagua Seton Hall, chuo cha South Orange, palepale New Jersey. Baadaye alikuwa kocha msaidizi Iona, kisha Seton Hall. Kwa kifupi, maisha yake yote ya kikapu cha sekondari na chuo yalipita ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa gari kabla ya chakula cha mchana. Alipomwambia kijana wa Newark kwamba kubaki nyumbani si kushindwa, alikuwa anazungumza kama mtu aliyelifanya.

Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 10 na kupoteza 22. Mmoja wa waliokuwa mwaka wa kwanza msimu huo ni KC Ndefo, kijana wa Elmont, Long Island, mwenye urefu wa karibu mita 2.01, mfupi kwa mchezaji wa chini ya ringi katika ngazi hiyo. Mwaka uliofuata wakaingia Daryl Banks III wa Newark, Doug Edert wa Nutley, Matthew Lee wa New York, na mapacha Hassan na Fousseyni Drame kutoka Mali. Hao mapacha wanatukumbusha kwamba kikosi cha nyumbani hakimaanishi kuwakataa wa mbali. Kinamaanisha kwamba mfupa wa kikosi unatoka kwa watu unaoweza kuwathibitisha.

Kati ya 2019 na 2022 kundi hilo lilikua pamoja. Ushindi 18 msimu wa pili, kisha janga la korona likafuta mashindano ya Machi 2020. Ndefo akawa mlinzi bora wa MAAC, ligi ya Saint Peter's, mara tatu mfululizo, 2020 hadi 2022. Mwaka 2021 aliingia kwenye mfumo wa uhamisho akitafuta chuo kingine, kisha akabadili mawazo na kurudi. Ukitaka kujua msimu wa 2022 uliponea wapi, ni hapo.

Machi 12, 2022, Atlantic City, waliifunga Monmouth 60 kwa 54 na kuchukua taji la MAAC. Ligi hiyo hupata kwa kawaida nafasi moja tu ya NCAA, kwa hiyo usiku huo mmoja ndio uliobeba msimu mzima. Siku tano baadaye wakakutana na Kentucky.

Vikosi viwili, njia mbili za kusajili

Mechi ya Kentucky inastahili kutazamwa kama mashindano ya mifumo miwili ya usajili. Nyota wa Kentucky alikuwa Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyepitia West Virginia kabla ya kuhamia Kentucky, na mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Kellan Grady alikuwa ametoka Davidson, Sahvir Wheeler ametoka Georgia. TyTy Washington alikuwa mwaka wa kwanza na wote walijua hatakuwapo mwaka wa pili. Kila mmoja alikuwa bora kuliko aliyesimama mbele yake, ukiwapima mmoja mmoja. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16.

Upande wa pili Banks alifunga 27, na Edert, akiingia kutoka benchi na masharubu yake yaliyokuja kuwa maarufu, alifunga 20. Ukirudia kuitazama mechi, acha mipira iliyoingia na utazame ulinzi. Mchezaji mmoja wa Saint Peter's akipitwa, mwenzake ameshafika bila kuitwa, na wa tatu ameshaziba pengo la wa pili. Watu waliokaa pamoja msimu mmoja hawafanyi hivyo. Kentucky ilikuwa na miezi mitano ya kujuana. Saint Peter's ilikuwa na miaka mitatu.

Raundi ya pili ilikuwa Murray State, timu iliyokuwa imepoteza mechi mbili tu msimu mzima. Ikafungwa 70 kwa 60, Ndefo akiwa na pointi 17, ribaundi 10, na mitupo 6 aliyoizuia. Baada ya mechi hiyo Holloway alisema maneno yaliyozunguka nchi nzima: kwamba ana vijana wa New Jersey na New York City, na je, watu wanadhani wanaogopa kitu? Wengi walisikia majigambo. Mimi nasikia maelezo ya vigezo vya usajili. Alikuwa anasema alimchagua mtu wa namna gani na alimtoa wapi.

Machi 25, Philadelphia, wakakutana na Purdue yenye Zach Edey, mita 2.24, na Jaden Ivey ambaye miezi mitatu baadaye angechaguliwa mapema kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ivey aliishia na pointi 9. Saint Peter's 67, Purdue 64. Siku mbili baadaye North Carolina ikawamaliza 69 kwa 49, na safari ikaishia hapo.

Siku tatu baadaye

Machi 30 Seton Hall ikamtangaza Holloway kuwa kocha wake mpya. Hakuna wa kumlaumu. Ni chuo alichochezea, kiko Big East, ligi kubwa kuliko MAAC, na mshahara haukuwa na ulinganisho. Ndefo akamfuata. Banks akaenda St. Bonaventure, Edert akaenda Bryant, Lee akaenda Missouri State, mapacha Drame wakaenda La Salle.

Soma orodha hiyo tena polepole, kwa sababu inasema jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kati ya vijana walioifunga Kentucky na Purdue, mmoja tu ndiye aliyekwenda ligi kubwa, na alikwenda kwa kocha wake mwenyewe. Wengine walipanda ngazi moja, au walihamia pembeni tu. Maana yake wasakaji wa vyuo vikubwa waliowapita vijana hawa mwaka 2019 hawakuwa wamekosea sana. Baada ya Machi ile, nchi nzima ikiwa imewaona, tathmini ya mmoja mmoja ilibadilika kidogo tu. Thamani iliyokuwapo ilikuwa ya kundi, na kundi halihamishiki. Kila aliyeondoka aliacha nyuma kitu ambacho hangeweza kukibeba.

Kilichowezesha kundi kuvunjika haraka hivyo ni kanuni. Mfumo wa uhamisho wa NCAA ulianza Oktoba 2018, lakini mchezaji wa kikapu aliyehama kutoka chuo kimoja cha Divisheni I kwenda kingine bado alilazimika kukaa nje msimu mzima, isipokuwa apewe ruhusa maalumu. Kizuizi hicho ndicho kilichokuwa kinawashikilia wachezaji wa vyuo vidogo, kuliko mapenzi ya nyumbani. Aprili 2021 kikaondolewa kwa uhamisho wa kwanza. Julai mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao. Edert alisaini mkataba na mgahawa wa Buffalo Wild Wings katikati ya mashindano. Aprili 2024 kikomo cha idadi ya uhamisho kikaondolewa kwa anayefaulu masomo. Na kuanzia msimu wa 2025/26, baada ya suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, chuo kinachotaka kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote.

Kwa hiyo kikosi cha Saint Peter's kilikuwa na bahati ya kalenda. Kilikusanywa chini ya kanuni za zamani na kikavuna wakati mpya zimeanza, kabla vigogo hawajajua kuzitumia. Kocha anayeanza leo na mpango uleule wa Holloway wa 2018, yaani kuchukua vijana wa miaka 18 wa safu ya pili na kuwangoja hadi wafike miaka 21, anapanda mwembe kwenye kiwanja cha kukodi. Embe zikianza kuiva, mkataba umekwisha.

Jirani mwingine, mwaka uliofuata

Kuna kisa cha pembeni kinachosaidia kupima hoja hii, na kwa bahati mbaya ya Purdue, mwathirika ni yuleyule. Machi 2023 Fairleigh Dickinson ya New Jersey, namba 16, iliifunga Purdue, namba 1, kwa 63 kwa 58. Ilikuwa mara ya pili tu kwa timu namba 16 ya wanaume kushinda. Kwa wastani wa urefu, kikosi chake kilikuwa kifupi kuliko vyote vya Divisheni I. Demetre Roberts, mmoja wa walinzi wake, alikuwa na karibu mita 1.73.

Kocha Tobin Anderson alikuwa na mwaka mmoja tu chuoni hapo. Hakungoja vijana wakue. Alitoka St. Thomas Aquinas, chuo cha Divisheni II kilichoko Sparkill, New York, si mbali na hapo, na akaja na wachezaji wake: Roberts, Grant Singleton na Sean Moore. Walikuwa wameshakua pamoja mahali pengine, katika eneo lilelile, kwenye ngazi ambayo vigogo hawaitazami. Naye Anderson aliondoka siku chache baada ya mashindano, akaenda Iona.

Hapa ujirani umefanya kazi tofauti kabisa. Badala ya kumtambua kijana wa sekondari mapema, umetumika kumtambua mtu mzima aliyekwisha kukomaa kwenye chuo kidogo zaidi, barabara moja juu. Na umechukua kundi zima, jambo linalopunguza lile tatizo la thamani isiyohamishika.

Nini kimebaki cha kufanya

Saint Peter's yenyewe haikufa. Ilimleta Bashir Mason, kocha wa Wagner, mzaliwa wa Jersey City aliyesoma St. Benedict's ya Newark. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu, ushindi 14 na vipigo 18. Wa pili, 2023/24, alichukua taji la MAAC kwa kuifunga Fairfield kwenye fainali. Kwenye NCAA, Tennessee iliwachapa 83 kwa 49 bila huruma. Mfungaji bora wa timu, Corey Washington, kijana wa Arkansas, alihamia Wichita State msimu ulipokwisha.

Inanivutia kwamba taji lilirudi ndani ya miaka miwili huku karibu kikosi chote kikiwa kipya. Wachezaji waliondoka, lakini simu za makocha wa sekondari na wa klabu hazikuondoka nao. Kocha mpya aliyekulia mitaa ileile alizikuta zinafanya kazi. Chuo kidogo kikitaka kulinda kitu, nadhani kinapaswa kulinda hicho kabla ya mchezaji yeyote, na hiyo inaanza kwenye kuajiri. Kocha mkuu akiondoka, abaki walau msaidizi mmoja ambaye namba yake imo kwenye simu za watu wa eneo, hata kama kocha mpya anakuja na watu wake. Vyuo vingi havifanyi hivyo. Benchi lote linaondoka wiki moja, na uhusiano wa miaka minne unaanza upya na mtu anayejitambulisha.

Kuhusu wachezaji wenyewe, ningemshauri kocha wa chuo kidogo cha Divisheni I agawe kazi ya ujirani sehemu mbili ambazo hazilingani. Sehemu ndogo iende kwa vijana wa sekondari, wachache, wale ambao familia ina sababu ya kweli ya kumtaka mtoto karibu, au ambaye anataka fani fulani inayofundishwa hapo na ameshaiulizia mwenyewe kabla hujaitaja. Mtu wa aina hiyo anaweza kubaki hata akipigiwa simu. Usimchukue kijana wa miaka 18 kwa sababu tu ana kipaji na yuko karibu. Utamfundisha kwa faida ya mwingine.

Sehemu kubwa iende kwa wanaorudi. Kila mwaka vijana wa eneo wanasaini vyuo vya mbali, na wengi wao hawachezi. Kijana amekaa benchi kilomita 1,500 kutoka kwao, bibi yake anaumwa, hajawahi kuonwa na jamaa zake akicheza hata mechi moja. Huyo akiingia kwenye mfumo wa uhamisho ana majuma machache ya kuamua, na hatamwamini mtu anayemjua kwa siku mbili. Atamwamini kocha aliyekuja kumwona mazoezini akiwa na miaka 16, akamwambia waziwazi "najua utaenda mbali, nenda salama", na akaendelea kumsalimia mama yake walipokutana kwenye mechi za mdogo wake. Kwa hiyo kijana bora wa mtaa, yule ambaye nilisema huwezi kumpata, bado anafaa kutembelewa. Unamtembelea kwa ajili ya miaka miwili mbele, na bila kumwonyesha kinyongo siku anapokukataa. Kuna makocha wanaonuna, na wanalipia baadaye.

Jambo la kujihadhari nalo: anayerudi anarudi na tatizo lake. Mara nyingine amekaa benchi kwa sababu hawezi, si kwa sababu kocha wa kule hakumpenda. Simu ileile kwa kocha wake wa sekondari itakuambia ukweli huo, ukiuliza vizuri. Na nyumbani kuna watu wanaoomba tiketi, marafiki wa zamani wanaogonga chumba usiku wa kuamkia mechi, na ndugu mwenye shida ambayo yeye sasa yuko karibu vya kutosha kuitwa kuitatua. Mambo haya yaulizwe kabla ya kusaini, akiwapo mzazi.

Kwa vyuo vya Divisheni III hesabu ni nyingine. Huko hakuna ufadhili wa michezo, mchezaji analipa ada kama mwenzake wa darasani, na kijana anayelala kwao anaokoa gharama za malazi. Anayehamahama anapoteza alama za masomo na fedha za familia. Huko mpango wa zamani wa Holloway, wa kuchukua vijana na kukaa nao hadi wakue, bado unaweza kufanya kazi karibu kama ulivyo.

Divisheni I, Aprili ndio mwezi wenyewe. Kocha msaidizi anakaa na orodha mbili: ya wachezaji wake walioingia kwenye mfumo asubuhi hiyo, na ya vijana wa kaunti za jirani waliotokea humo kutoka vyuo vya mbali. Ya kwanza hawezi kuizuia. Kwenye ya pili, anapiga alama majina ambayo mama zao anawajua, na anaanza na hao.